Mashine Iliyosema Tayari

Mashine iliimba kale kawimbo kake, taa ya kijani ikawaka, maana yake tayari, nguo zimekauka, njoo utoe. Mzee Raymundi aliitazama saa ya ukutani. Dakika sita. Hata kama ingekuwa na jua lenyewe tumboni, dakika sita hazitoshi kukausha vitambaa vya altare vilivyotoka kwenye beseni sasa hivi. Alifungua mlango, akaingiza mkono, akakutana na unyevu ule ule aliouacha. Alikamua pembe ya kitambaa kimoja na maji yakamwingia kwenye mkono wa shati.

"Mwongo mkubwa wewe," aliiambia.

Usimcheke. Mtu anayeishi peke yake huongea na vilivyopo, na katika nyumba ile ya Kwihara, tangu mkewe Eustadia afariki wakati wa Kwaresima ya mwaka jana, vilivyopo vilikuwa sufuria, kuku wanne, redio ambayo Raymundi alibishana nayo kila taarifa ya habari, na sasa mashine. Watu waliompa neno mchana kutwa walikuwa wageni waliokuja na magari kuiona tembe ya Livingstone. Walishusha kioo, wakauliza njia, akawaonyesha kwa mkono, wakashukuru, kioo kikapanda. Kuna siku hao ndio walikuwa watu pekee walioisikia sauti yake.

Mashine yenyewe ilitoka Ujerumani. Advera, mtoto wao wa pekee, ni muuguzi huko, na aliituma kwenye kontena hadi Dar es Salaam, ikapanda treni hadi Tabora mjini, ikamalizia safari kwa kigari cha kirikuu huku imefunikwa turubai. Majirani walitoka kuitazama ikishushwa. Mashine ya kufulia walishaisikia. Ya kukaushia nguo, katika nchi yenye jua la kugawa bure, iliwashinda kuelewa, na wapo walioshika mbavu.

Ila Advera alikuwa na sababu. Kwa miaka zaidi ya ishirini Eustadia alifua vitambaa vya altare na kanzu za watumishi wa kigango, kanisa dogo la hapo Kwihara. Alipokwisha kuzikwa, kina mama walikuja na mwenyekiti wao Magreth, wakasema kwa upole kwamba wamekuja kuchukua kapu la nguo za kanisa. Raymundi akasimama mlangoni. Kapu haliondoki, alisema, nitafua mimi. Walitazamana kwa jicho la pembe, mzee wa miaka sitini na tisa, mstaafu wa reli, afue vitambaa vya altare! Lakini nani amnyang'anye mgane kapu la mkewe? Wakamwachia. Masika ilipoingia vitambaa vikaning'inia sebuleni siku tatu, vikarudi kanisani na harufu ya kuvundia. Advera akasikia habari hizo kwa watu, akatuma mashine.

Sasa nikueleze habari ya simu, maana bila hiyo hutamwelewa mzee huyu.

Kwa miaka kumi na miwili Advera alipiga nyumbani kila Jumapili, na ikitokea bahati mbaya baba akapokea, mazungumzo yao yalikuwa haya: Shikamoo baba. Marahaba mwanangu, hujambo? Sijambo. Ngoja nikupe mama yako. Si kwamba Raymundi hakumpenda mwanawe. Alikaa kiti cha pembeni akitega sikio kwa upande wa Eustadia, na simu ikikatwa alikuwa wa kwanza kuuliza, "Anasemaje?" Basi Eustadia akaondoka, na hakukuwa tena na wa kupewa simu. Advera aliendelea kupiga. Huko vipi? Baridi, na huko? Mvua. Umekula? Nimekula. Haya baba. Haya mwanangu. Dakika moja, ikizidi sana moja na nusu, kila mmoja akiona aibu ya kutokuwa na neno. Halafu Raymundi alikaa na simu mkononi akijilaumu, maana mambo ya kusema yalimjaa kifuani wiki nzima, na ilipofika saa yenyewe hata moja halikujitokeza.

Ndipo Jumapili moja, katika kutafuta la kusema, Advera akauliza, "Na mashine inaendeleaje?"

"Imeanza uongo," Raymundi alisema.

"Uongo gani tena, baba?"

Akamweleza. Suruali zake na mashuka ilikausha vizuri miezi miwili mizima aliyokuwa akiijaribu, lakini wiki kadhaa baada ya kuanza kuitilia vitambaa vya kanisa ikawa inazima baada ya dakika chache na kudai imemaliza, na sasa hata suruali inazifanyia hivyo hivyo. Advera akauliza hili, akauliza lile. Akamwambia achomoe kichujio cha vumbi mlangoni, akakichomoa huku simu ameibana kwa bega, akasimulia unene wa vumbi alilolikuta na rangi yake. Walipomaliza, Raymundi alitazama kioo cha simu. Dakika arobaini na tatu. Alizisoma mara mbili.

Kesho yake, saa kumi kamili jioni, simu ikalia. Kwa Advera ilikuwa saa nane mchana, mapumziko yake ya kazini.

"Nimesoma soma jana," alisema. "Leo tukague chombo cha maji."

Walikagua chombo cha maji, kile kisanduku cha juu ambacho mashine hujaza maji inayoyanyonya kwenye nguo. Kilikuwa kikavu, na Advera akasema hiyo ni dalili. Siku iliyofuata alimwambia aachane na kitufe cha mashine kujipimia yenyewe, aigeuzie kwenye saa, dakika tisini, ilazimike kufanya kazi itake isitake. Mashine ikazunguka tisini zote. Kitambaa kilichotoka kilikuwa kimekakamaa, Raymundi akakisimamisha mezani kikasimama chenyewe, na alipomweleza Advera hivyo, Advera akacheka. Alicheka kicheko cha mama yake kabisa, kile cha kuanza polepole na kuishia kwa kukohoa. Raymundi alilazimika kuketi.

"Basi moto upo," Advera alisema alipopata pumzi. "Moto haujafa, feni haijafa. Kinachoharibika ni kupima. Mashine inashindwa kujua kama nguo ni mbichi."

Lakini kilichomshika Raymundi hakikuwa moto wala feni. Kilikuwa kungoja. Ukishaiwasha mashine ili uione itafanya nini, inabidi ungoje, na watu wawili wanaongoja pamoja hawawezi kunyamaza tu. Katika kungoja huko Advera alimwambia kwamba jengo analoishi lina chumba cha chini chenye mashine za wapangaji wote, na kila Jumamosi hukaa kwenye kigoda akisubiri nguo zake, wenzake wakiingia na kutoka bila hata habari za saa hizi. Miaka kumi na miwili hajui jina la jirani wa mlango wa pili. Raymundi hakuwahi kuyasikia hayo. Naye, bila kujua kinywa kimefunguka vipi, akamsimulia jinsi anavyopika wali wa watu wawili kila jioni, mkono umezoea, na jinsi kuku wanavyonenepa kwa sababu hiyo. Advera hakucheka safari hiyo. Alisema, "Pole baba." Raymundi akaenda kulala akiwa ameshiba maneno.

Siku ya nne Advera alikuja na jibu.

"Baba, ukifungua mlango, chini kidogo mbele ya pipa linalozungusha nguo, utaona vibamba viwili vya chuma, virefu virefu, vimekaa sambamba. Umeviona? Hiyo ndiyo sensa, kipima unyevu. Nguo mbichi ikivigusa vyote viwili, umeme mdogo sana unapita kwenye yale maji kutoka kibamba hiki kwenda hiki, na mashine inajua bado. Umeme usipopita, inajua tayari. Sasa pitisha kidole. Ni visafi, au kuna kitu kimeganda?"

Raymundi alipitisha kidole. Alihisi utando mwembamba, mgumu, wenye mikwaruzo. Akaukwangua kwa ukucha, ukatoka kijigamba cheupe, na hakuhitaji kukifikisha puani ili akijue. Ulikuwa wanga. Eustadia alivitia vitambaa vya altare wanga wa muhogo ili visimame vizuri, na yeye, alipolichukua kapu, akauendeleza. Alikoroga unga wa muhogo kwenye maji ya moto, mzito, kwa imani kwamba mzito ndio bora, akavichovya vitambaa, na kabla havijachuruzika sawasawa akavitumbukiza mashinini. Wiki baada ya wiki vibamba vilipakwa uji, moto ukaukausha, na mwisho mashine ikawa inapapasa nguo mbichi kupitia tabaka la wanga na kuona kukavu kutupu.

Alilijua lile kosa lote kwa mara moja, kama mtu wa mitambo, maana alikuwa mtu wa mitambo. Jibu lilikuwa kwenye ulimi. Kitambaa na siki kidogo, dakika tano, basi. Kisha Advera atasema, "Afadhali," naye atasema, "Haya mwanangu," na kesho saa kumi simu italala mezani.

"Baba? Ni visafi?"

"Visafi," Raymundi alisema. "Vinang'aa."

Ukitaka kumlaumu, subiri kwanza, hajafika kwenye lenyewe.

Kesho yake asubuhi, fundi aliyemo ndani ya mzee akamshinda mzee. Alichukua siki, akasugua vibamba mpaka vikatoa mng'aro, akatia shuka mbichi, akawasha. Mashine ikazunguka nusu saa, robo tatu, saa nzima, ndipo ikaimba. Shuka lilitoka limekauka, lina joto, laini. Raymundi alilikumbatia kifuani, akageuka kumwambia mtu, na hapakuwa na mtu. Mtu mmoja tu duniani ambaye angefurahi kuisikia habari hiyo alikuwa Advera, na huyo ndiye asiyetakiwa kuisikia. Alisimama pale mpaka shuka likapoa. Kisha akaenda jikoni, akachovya kidole kwenye sufuria ya wanga, akarudi, akapaka kibamba cha kwanza, akapaka cha pili, akauacha mlango wazi wanga ukauke. Aliona haya alipokuwa anafanya hivyo, na hakuacha.

Simu ikalia saa kumi. "Bado inadanganya," alisema, na hapo hakuwa anasema uongo.

Wakaendelea hivyo karibu wiki mbili. Advera alimwambia achomoe waya akae dakika kumi, achanganye nguo nzito na nyepesi, apunguze nguo, aongeze nguo. Raymundi alitii yote na kuripoti yote, na katikati ya kungoja waliongea. Waliongea habari za mgonjwa mmoja wa Advera aliyekataa kulishwa na mtu yeyote ila yeye. Waliongea habari za Eustadia, ambazo hawakuwahi kuzigusa tangu msiba. Hata Magreth alipomkuta barabarani, akamsalimu Tumsifu Yesu Kristo na kumwuliza siri ya kunawiri, Raymundi alijibu Milele na milele, amina, akajitia hamnazo kwa hilo lingine.

Lakini Advera ni mwanawe, na ukaidi kaurithi. Hakuwa mtu wa kushindwa na mashine.

"Nimepata fundi, baba," alisema Jumatano moja, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Yuko mjini hapo Tabora, anaitwa Masolwa, anatengeneza mashine za hoteli. Anakuja kesho saa kumi. Nitakuwa kwenye video nione mwenyewe."

"Ya nini kumsumbua mtu wa watu na tope hili?"

"Nimeshaongea naye."

Usiku ule Raymundi alijiambia ataamka avioshe vibamba, fundi aje aikute mashine nzima, mambo yaishe kwa heshima. Asubuhi alishika siki. Akaiweka chini. Mchana akaishika tena. Akiosha leo, hata maongezi ya leo hayapo. Saa kumi kasoro robo pikipiki ikasimama nje, na siki ilikuwa bado mezani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu ndani, baba."

Masolwa alikuwa kijana wa Kisukuma mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Aliiegemeza simu kwenye beseni ili Advera aone, akamsalimu, akachuchumaa. Hakugusa bisibisi. Aliwasha tochi, akamulika vibamba, akalamba kidole, akagusa, akaonja. Mzee akatazama ukutani.

"Dada, tatizo tumeshalipata," alisema. "Wanga. Hii mashine imelishwa wanga wa muhogo. Mke wangu naye hutia, ila yeye hutia mwishoni, nguo imeshakauka, anakwenda kupiga pasi. Ukitia kwanza, ndiyo matokeo haya."

"Wanga?" Advera alisema. "Lakini baba aliviangalia. Si uliniambia vinang'aa, baba?"

Masolwa alisogeza tochi karibu zaidi. Alikuwa kijana mzuri, hakuwa na nia mbaya, alikuwa tu na jicho zuri la kazi na alitaka mteja wake aone.

"Tena angalia hapa, dada. Huu wa juu haukutoka kwenye nguo. Umepakwa. Huu hapa mstari wa kidole, umekwenda mpaka mwisho, na huku hivyo hivyo." Akamgeukia Raymundi. "Mzee, kuna mtoto hapa nyumbani?"

"Hakuna mtoto," Raymundi alisema. "Nakaa peke yangu."

Masolwa alielewa kwa kuchelewa, akazima tochi, akaanza kutafuta kitu kwenye mfuko wake wa vifaa, kitu ambacho hakikuwamo.

"Baba," sauti ya Advera ilitoka kwenye beseni. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya vibamba."

"Wiki mbili, baba! Mapumziko yangu yote. Mimi nakaa nasoma, nauliza watu, sili, nakupigia... Kwa nini?"

Angeweza kusema amezeeka, amesahau, macho hayaoni. Visingizio vilikuwapo. Lakini kijana amechuchumaa pale na mwanawe yuko kwenye kioo, na mzee alikuwa amechoka.

"Ikipona," alisema, "utanipigia kwa lipi?"

Nyuma ya Advera mtu alimwita kwa Kijerumani, akageuza kichwa, akarudi. "Naitwa kazini," alisema, na kioo kikawa cheusi.

Masolwa alivisafisha vibamba kwa siki ile ile iliyokuwa mezani, akaijaribu mashine, ikafanya kazi. Alipokuwa anaondoka alimshika mzee mkono kwa mikono yake miwili na kumwambia akae salama.

Ijumaa saa kumi simu haikulia. Jumamosi haikulia. Raymundi alivifua vitambaa, akavikausha bila wanga, kisha akavipitisha kwenye wanga mwepesi na kuvipiga pasi vikiwa na unyevu kidogo, akapata kazi safi ambayo hajawahi kuipata. Jumapili altare ilimeremeta. Baada ya Misa Magreth alimjia mbele ya watu akasema zamu ya kufua ni ya Raymundi, kapu lisiguswe na mtu mwingine. Alishukuru. Alirudi nyumbani akiwa na habari njema mkononi na hana pa kuipeleka.

Ile saa ya Jumapili, iliyokuwa ya Advera miaka yote kumi na miwili, ikafika. Ikapita. Saa kumi na moja ikapita. Raymundi aliwaza kwamba amemtia mwanawe aibu mbele ya fundi, amemlia mapumziko yake, na ule uzi mwembamba wa dakika moja kwa wiki ameukata kwa kidole chake mwenyewe. Alijuta, akaumia hasa, kwa uchungu wa kumkumbuka mtu aliye hai.

Hakuwa na desturi ya kupiga. Kwake simu ni kitu kinacholia. Lakini alivaa miwani, akaitafuta herufi A ya Advera, akabonyeza. Ilipokelewa kabla ya mlio wa pili.

"Baba! Nani? Baba, ni nani tena?"

Kwanza Raymundi hakuelewa anaulizwa nini. Kisha akaelewa. Tangu Advera aondoke nchini, baba yake alimpigia yeye mara moja tu, asubuhi ile ya Kwaresima, kumwambia mama amefariki. Jina lake likitokea kwenye kioo cha mtoto, maana yake ilikuwa hiyo tu.

"Hakuna aliyekufa," alisema haraka. "Hakuna, mwanangu. Wote wazima."

"Wewe unaumwa?"

"Siumwi."

"Mashine?"

"Inafanya kazi vizuri."

"Sasa kuna nini?"

Alikuwa ameandaa habari ya altare na habari ya Magreth, lakini zote zilimkimbia.

"Hakuna kitu," alisema. "Nimekukumbuka tu."

Hakuwahi kumwambia mtu neno hilo, hata Eustadia. Upande wa pili kiti kikavutwa, kisha akamsikia Advera analia. Raymundi hakujua mtu huambiwa nini mtoto wake akilia akiwa mbali kiasi hicho. Hakumwambia nyamaza, hakumwambia pole. Alikaa na simu sikioni akimsikiliza, na hakukata.